Shajara ya Kirikyuri: gari la eksirei la mama Curie, toleo la Dodoma

12 Agosti

Haya jamani nimeanza. Tangu mwaka jana nasema naanza naanza, leo nimenunua kaunta buku ya kwaya mbili pale Majengo na nimeandika juu kwa herufi kubwa MRADI WA GARI LA MAMA CURIE, kwa hiyo kurudi nyuma hakuna, hela ya daftari imeshatoka.

Mimi ni mpiga eksirei. Kazi yangu kutwa nzima ni "vuta pumzi, shikilia, haya achia". Miaka tisa sasa. Na ukutani kwetu kuna picha ya Röntgen, yule mzee wa ndevu, kwa sababu ndiye aliyegundua miale tarehe 8 Novemba 1895 na ndo siku yetu watu wa mionzi kila mwaka. Sina ugomvi na Röntgen. Ila siku moja kabla, 7 Novemba, ndo aliyozaliwa Marie Curie, mwaka 1867 huko Warsaw, na huyu ndiye aliyeitoa mashine ndani ya nyumba akaipakia kwenye gari akaenda nayo vitani, na kwa hilo hasemwi kabisa. Muulize mwanafunzi yeyote, atakwambia radiamu, atakwambia tuzo mbili za Nobel, fizikia 1903 na kemia 1911, anafunga kitabu. Gari hana habari nalo.

Kilichonisukuma ni kitu cha nyumbani. Mwaka juzi mama mkubwa aliteleza kisimani, huko Kongwa ndani ndani, akaumia nyonga. Zahanati ya pale haina eksirei, zahanati kwa kawaida hazina, simlaumu mtu. Basi akapakiwa bodaboda mishkaki, mbele dereva, yeye katikati, nyuma mjomba kamkumbatia asidondoke, mpaka lami, halafu Noah, akalala njiani usiku mmoja kwa ndugu maana maumivu yalimzidi. Picha nilimpiga mimi mwenyewe. Dakika tano. Shingo ya mfupa wa paja imekatika, na mtu kaja nayo hivyo juu ya pikipiki.

Sasa nilipokuja kusoma habari za 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia, nikaona ni hadithi ile ile. Mashine za eksirei Ufaransa zilikuwepo, lakini zimekaa mjini kwenye hospitali kubwa, na majeruhi wako huko mbele kwenye matope, risasi na vipande vya mabomu viko ndani ya nyama, daktari anapapasa kwa kisu kama mtu anayetafuta sindano gizani. Mama Curie akasema basi mashine ndo isafiri. Yaani ni hilo tu. Nataka nitengeneze mfano wa gari lake kwa maonesho ya shule, na hilo tu ndo lionekane.

19 Agosti

Nimepata bodi!! Kirikuu iliyokufa injini, imewekwa juu ya mawe kwenye gereji moja Kizota, kuku wanataga humo.

Nilivyoenda: "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, gari lina shida gani?" "Sina gari mzee, nimekuja kuomba gari." Akacheka mpaka akakaa chini. Nikamweleza kirefu, Ufaransa, vita, mama mmoja mwanasayansi, eksirei ndani ya gari. Akaniangalia. "Eksirei ndani ya kirikuu? Hiyo ukiweka magunia manne ya mkaa inalia." Nikamwambia hata la mama Curie lilikuwa gari la kawaida tu, Renault, tena mengine yalikuwa ni magari ya watu matajiri aliyoyaomba kwa kuwagongea milango, akiwaahidi atayarudisha vita vikiisha. Hapo mzee akaelewa haraka kuliko nilivyotegemea, akasema aaa kumbe alikuwa anaomba omba kama wewe.

Masharti yake: hela hataki, ila mwisho wa Novemba bodi iwe imerudi maana ataiuza chuma chakavu, kuku wahamishwe kwa heshima, na mjukuu wake wa miaka sita akae kwenye usukani siku ya maonesho. Nimekubali yote.

Jina tayari lipo. Askari wa Ufaransa waliyaita yale magari petites Curies, yaani vi-Curie vidogo. Mwalimu wa fizikia ninayeshirikiana naye (shule yake iko huku huku Nkuhungu) akasema letu ni kirikuu ya Curie, basi ni Kirikyuri. Limeshika.

1 Septemba

Leo kazi ya kichwa tu. Tumekaa na mwalimu kwenye kibaraza tunachora nini kilikuwa ndani ya lile gari, na kwa kweli hiki ndo kipande nakipenda kuliko vyote kwa hiyo nivumilieni.

Tatizo la kwanza ni umeme. Hospitali za karibu na mapigano nyingine hazikuwa na umeme kabisa, majumba ya zamani tu na makanisa na mahema. Kwa hiyo gari linabeba dainamo, na dainamo linazungushwa na injini ya gari lenyewe. Gari likifika linasimama, dereva anaacha injini inanguruma, dainamo linatoa volti 110, ampea 15. Piga hesabu, ni wati 1,650. Ni kama birika la umeme la sebuleni! Mimi nilidhani ni kitu cha kutisha. Halafu kuna koili ya kupandisha hiyo volti 110 mpaka makumi ya maelfu, ndo inaingia kwenye tyubu ya kioo na miale inatoka. Waya mrefu unatoka kwenye gari unapita dirishani mpaka chumba cha majeruhi, chumba kinazibwa mapazia meusi, meza ya kukunja inafunguliwa, kioo kinachong'aa kinawekwa, daktari wa upasuaji anasogea. Kama nusu saa hivi tangu gari lisimame wanaanza kazi.

Na anayefunga na kufungua hivyo vitu vyote ni yeye, mama wa miaka 47, mjane, mshindi wa Nobel mara mbili. Mpaka kubadilisha tairi na kusafisha kabureta alijifunza. Anatomia hakuwa anaijua, yeye ni mtu wa fizikia na kemia, akajifunza hiyo pia haraka haraka.

Hela ya gari la kwanza ilitoka kwa umoja wa wanawake wa Ufaransa. Serikali ilikuja baadaye baadaye. Naomba hili niliandike bila kuongeza neno.

Swali la lazima: je, tutaweka mashine ya kweli? Hapana na hapana tena. Chanzo chochote cha mionzi nchini lazima kiwe na leseni ya Tume ya Nguvu za Atomiki, na hata bila sheria mimi siwezi kuwasha tyubu kwenye uwanja wenye watoto. Letu litakuwa na mwanga wa kawaida na vivuli. Mwalimu alinuna kidogo, akakubali.

14 Septemba

Kuku wamehama. Tumepiga msasa bodi yote, vumbi la kutu limechanganyika na vumbi la Dodoma na upepo wa mwezi huu si unaujua, tumerudi nyumbani wote wekundu kama matofali ya kuchoma. Fundi amechomelea fremu ya chuma nyuma ili lipate kichwa kama boksi, juu tumeweka plaiwudi. Mbao tumebahatisha, mabaki ya jengo.

Rangi ni kijivu cha kijeshi. Hapa tukagombana kidogo. Magari ya Curie yalikuwa na msalaba mwekundu ubavuni, yeye mwenyewe alikuwa mkuu wa huduma ya radiolojia ya Msalaba Mwekundu wa Ufaransa, na dogo wa rangi alishachanganya nyekundu yake yuko tayari. Nikamzuia. Ile alama inalindwa na Mikataba ya Geneva, haipakwi tu kwenye kirikuu la maonesho. Dogo akasema dada mbona maduka ya dawa wanaipaka. Nikasema na wao wanakosea. Ubavu umebaki kijivu mtupu, unaonekana kama gari la mkaa kweli, mzee alikuwa na haki yake.

28 Septemba

Wiki mbaya. Niandike tu hivyo hivyo.

Wazo lilikuwa: injini hatuna, basi baiskeli. Mtoto anakanyaga pedeli, gurudumu la nyuma la baiskeli linazungusha alteneta ya gari kwa feni belti, alteneta inawasha taa za kisanduku cha kuangalizia filamu. Watoto waone kwamba picha inaanza na mtu au kitu kinachozunguka, si ukutani.

Tumefunga kila kitu. Kijana wa kidato cha nne amekanyaga mpaka jasho linachuruzika. Giza. Tumebadili waya, giza. Tumebadili alteneta kwa kuazima nyingine, giza. Nikaanza kumwangalia fundi kwa jicho baya, yeye akaanza kuiangalia baiskeli kwa jicho baya.

Kumbe! Mzee wa gereji kapita na kikombe chake cha chai, katazama kama sekunde tatu, anauliza, "betri iko wapi?" Betri ya nini mzee, si tunatengeneza umeme hapa? Akatikisa kichwa. Alteneta za magari ya siku hizi hazina sumaku ya kudumu ndani, ile sumaku inaamshwa kwanza na umeme kidogo wa betri, bila hapo unaweza kukanyaga mpaka Morogoro. Dainamo za zamani chuma chake kilibakiza usumaku kidogo zikajiamsha zenyewe, ndo maana mama Curie hakupata aibu hii tuliyoipata sisi.

Tumeweka betri. Imewaka mara ya kwanza, na kijana akapiga kelele "inanivuta!" maana taa zikiwaka pedeli zinakuwa nzito papo hapo. Mwalimu akafurahi kuliko wote, akasema hilo ndo somo lenyewe, umeme haupatikani bure unaulipia na miguu. Mtu wa kawaida anamudu wati sabini mpaka mia kwa muda, taa zetu zinakula kama thelathini, kwa hiyo tuko salama. Kwa mashine ya Curie tungehitaji waendesha baiskeli kama ishirini wakikanyaga bila kupumzika hahaha.

Hasara ya wiki: feni belti mbili, tyubu moja ya baiskeli, na heshima yangu.

5 Oktoba

Leo tumepata kitu kizuri mpaka nimeshindwa kulala.

Watu wanafikiri eksirei ya vitani ilikuwa kupiga picha, unaona risasi, basi. Lakini picha moja inakuambia risasi iko upande gani tu, haikuambii iko kina gani. Daktari anataka kina. Akate sentimita mbili au kumi? Huo ndo uhai wa mtu. Kwa hiyo walikuwa wanapiga mara mbili: mara ya kwanza tyubu hapa, mara ya pili wanaisogeza pembeni kidogo, halafu wanapima kivuli cha risasi kimehama kiasi gani. Kilichohama sana kiko juu, kilichohama kidogo kiko karibu na bamba la chini. Pembetatu zinazofanana, hesabu ya kidato, hakuna uchawi.

Tumejaribu kwa taa ya tochi. Taa iko sentimita 60 juu ya karatasi. Msumari tumeuning'iniza kwa uzi ndani ya boksi lisiloonekana ndani. Tumesogeza taa sentimita 10, kivuli kimehama sentimita 2. Unazidisha 60 kwa 2, unagawa kwa 12, unapata 10. Tukafungua boksi tukapima kwa rula. Sentimita kumi na kidogo!! Yule kijana wa pedeli akaomba arudie, akabadilisha urefu wa uzi bila kutuambia, akapata tena. Akasema "kwa hiyo dada hii topiki ina kazi?" Mwalimu aligeuka akaangalia pembeni, nadhani alikuwa anajizuia asiseme kitu.

Irène, binti yake Curie, alikuwa na umri wa hawa hawa. Miaka 17 alipoanza kwenda na mama yake mbele Novemba 1914, na alipofika 18 alikuwa anaachwa peke yake na mashine hospitalini huko Ubelgiji, anawaelekeza madaktari wanajeshi watu wazima wapasue wapi. Kuna waliomkatalia, si unajua, mtoto tena wa kike. Hesabu ikawashinda. Nimeamua huyu kijana wa pedeli na mwenzake wa kike, yule mkimya wa madaftari, ndo watasimamia boksi siku ya maonesho, mimi nakaa pembeni.

13 Oktoba

Maandishi ya mabango. Rafiki yangu mmoja mzuri wa mwandiko aliniandalia rasimu, inaanza: "Marie Curie, mke wa mwanasayansi Pierre Curie..." Nimekata kwa kalamu nyekundu. Pierre alikuwa mtu mwema wala sina neno naye, lakini aligongwa na mkokoteni wa farasi 1906, miaka minane kabla ya vita, hakuna gari hata moja alilopanda. Bango linaanza na jina la mama na namba: magari kama 20, vyumba vya eksirei 200 alivyosaidia kuvianzisha hospitalini, wanawake 150 aliowafundisha kazi, na zaidi ya majeruhi milioni moja waliopigwa picha. Hao 150 ndo wananigusa. Hawakuwa wanasayansi wengi wao, alichukua wauguzi na watu wa kawaida, akawapa umeme, anatomia na kusafisha filamu, akawatuma. Sisi wapiga eksirei wa kike ukoo wetu uko hapo.

Sasa tukiwa tunapanga tarehe mwalimu akakutanisha mambo mawili. Julai 1916 mama Curie anapata leseni ya udereva ili asisubiri dereva. Mwishoni mwa Julai hiyo hiyo ya 1916, wanajeshi wa Van Deventer, jenerali wa upande wa Waingereza, wanaingia hapa Dodoma na Wajerumani wanaondoka. Mwezi mmoja. Vita kimoja.

Tukanyamaza wote. Maana hapa kwetu gari la eksirei halikuja. Hapa mizigo ya vita ilibebwa kichwani, na wapagazi walikufa kwa kuhara na malaria na njaa kuliko risasi. Kariakoo ya Dar jina lake limetokana na hao, kikosi cha wabeba mizigo. Na Ugogo baada ya hapo ikaja Mtunya, ile njaa kubwa, kuanzia 1917 hivi, majeshi ya pande zote yameshachukua ng'ombe na nafaka, vijana wameshachukuliwa upagazi, mvua nayo ikagoma. Bibi mzaa mama alikuwa hatuachii tutupe ukoko wa ugali, anasema nyie Mtunya hamuijui. Yeye mwenyewe alisimuliwa tu, ila alisimuliwa vizuri.

Fundi akasema tusichanganye, gari ni la mama Curie. Mwalimu akataka bango kubwa. Mimi nimeamua hivi: kibao kidogo, ndani ya mlango wa nyuma, mtu akiufunga kutoka ndani anakiona. Kimeandikwa tu Dodoma, Julai 1916, na habari za wapagazi mistari minne.

24 Oktoba

Aproni ya risasi tumeazimwa, iliyoisha muda wake, imepasuka ndani haitumiki tena kazini. Nimewavalisha watoto mmoja mmoja, wote wanasema "nzito!" Ndo nikawaeleza kwamba mama Curie alikuwa na glovu na ngao kidogo tu, na mara nyingi wala hakuzitumia ipasavyo, wakati ule hawakuwa wanajua kama tunavyojua. Alifariki 4 Julai 1934, uboho wake ulishindwa kutengeneza damu. Watu husema radiamu ndo ilimuua. Lakini 1995 walipohamisha mwili wake kuupeleka Panthéon, jengo wanakozikwa mashujaa pale Paris, walipima, na radiamu iliyokuwemo ilikuwa ndogo, kwa hiyo kuna wanaoona kwamba ni ile miaka ya eksirei vitani. Irène naye alikufa kwa saratani ya damu 1956.

Binti wa madaftari akauliza: sasa dada, na wewe? Nikamwonesha kibeji changu cha kupimia mionzi, nikamwambia kinasomwa kila baada ya muda na nikizidi kiwango natolewa chumbani. Akakishika muda mrefu.

Mambo mengine ya leo: dhahabu. Hii inawafurahisha watu wote ninaowasimulia. Vita vilipoanza serikali iliomba wananchi watoe dhahabu, mama akapeleka medali zake za Nobel ziyeyushwe. Benki ikakataa kuziyeyusha. Basi akachukua hela ya tuzo akanunua hatifungani za vita. Mzee wa gereji kasema hizo hela hazikurudi, nikamuuliza umejuaje, akasema hela za serikali zinajulikana.

2 Novemba

Upepo wa jana usiku umechana turubai na kuangusha boksi la vivuli. Tumeshona. Mapazia meusi tumekosa kitambaa kizito, tumetumia mabaki ya majoho ya mahafali, mama wa cherehani pale Sabasaba katuunganishia kwa elfu kumi na mbili, giza lake ni la uhakika.

Shida kubwa ni kulifikisha shuleni. Kirikyuri halina injini na matairi mawili yamekufa. Tumezungumza na jamaa wa gari la kubebea magari, bei aliyotaja nikakata simu. Mzee kasema tumwachie yeye.

7 Novemba

Tulimwachia mzee, na hivi ndo alivyofanya: saa kumi na mbili asubuhi trekta, mnyororo, mzee amekaa kwenye usukani wa Kirikyuri na mjukuu mapajani, linavutwa taratibu kutoka Kizota, bajaji zote nyuma zinapiga honi. Nilitembea pembeni kwa miguu nikiwa na koti langu la kazi. Sijali.

Siku imekwenda vizuri kuliko nilivyostahili. Pedeli foleni mpaka saa nane. Boksi la vivuli wale watoto wawili wameliendesha peke yao, na mzazi mmoja dereva wa malori alikaa hapo karibu saa nzima akishindana na binti kukisia kina cha msumari, amefungwa tisa kwa mbili. Diwani alikuja, akapiga picha na gari, akaondoka. Feni belti imekatika mara moja tu na nilikuwa na ya akiba.

Filamu kwenye kisanduku cha mwanga tulikata majina yote, isipokuwa moja sikuwa na wasiwasi nayo maana mwenyewe aliniruhusu. Nyonga ya mama mkubwa. Alikuja saa tisa, na fimbo yake, kapanda Noah tangu alfajiri ila safari hii kakaa siti ya mbele. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza na mimi habari za watoto wangu hata macho hayako kwangu, yako kwenye gari. Tukamwingiza ndani kwenye pazia. Kijana akakanyaga pedeli, mfupa wake ukawaka.

Aliutazama sana. Kisha akauliza, "Hili la huyo mama, lilikuwa linafika mpaka kijijini?"

"Lilikuwa linafika mpaka karibu na mapigano, mama."

"Hili lako litafika Kongwa?"

"Mama hili ni bati na plaiwudi, halina mashine ndani."

"Hilo nimeliona. Nauliza lenye mashine."

Nilikosa la kusema. Kijana alikuwa amesahau kuacha kukanyaga, taa zinaendelea kuwaka.

8 Novemba

Siku ya mionzi. Kazini tulikata keki, ndogo. Nimebandika picha ya mama Curie kwenye usukani wa gari lake, chini ya Röntgen, halafu nikaona haipendezi chini, nikaweka pembeni yake usawa mmoja.

16 Novemba

Mambo ya baadaye baadaye, niyaandike nisije nikasahau.

Betri imerudi kwa mzee, imejaa. Alteneta ya kuazima imerudi. Deni la mbao limebaki elfu arobaini, nalilipa mwisho wa mwezi. Majoho tumeyaacha kwenye gari.

Mzee hajauza bodi. Nilienda kumkumbusha mwenyewe, mwisho wa Novemba unakaribia, akasema bei ya chuma chakavu imeshuka asubiri kidogo. Nimeuliza kwingine, haijashuka.

Mwalimu kapigiwa simu na mwenzake wa Mpwapwa, wanaliomba Kirikyuri kwa wiki moja Machi, na kutoka hapo Kongwa si mbali. Trekta haiwezi safari hiyo kwa hiyo lazima litembee kwa matairi yake likivutwa na gari. Matairi matatu tunayo. Tunatafuta rimu moja ya kirikuu inchi 12, hata ikiwa imepinda kidogo fundi ataigonga, mwenye nayo Dodoma mjini au Chamwino anijulishe, nafuata mwenyewe.